Baada ya mlo wa bure wananitaka nihamishe akiba yangu yote ya uzeeni. Nisaini?

*"Mimi na mume wangu tulipata kadi ya mwaliko kwa posta: chakula cha jioni cha bure kwenye mgahawa wa steki hapa Houston, mada ikiwa kustaafu bila hofu. Aliyetuhimiza twende ni mwenzetu wa kanisani, Mtanzania, anayefanya kazi na yule mtoa mada. Nina miaka 57, ni nesi, nina uraia wa hapa, na nataka kuacha kazi Desemba. Kwenye 401(k), yaani mfuko wa akiba ya uzeeni wa kazini, nina dola 280,000. Wiki iliyofuata tulienda ofisini kwao, wakatuonyesha anuiti inayofuata soko la hisa. Wanasema soko likianguka hupotezi hata senti, unapewa bonasi ya asilimia 10 siku ya kwanza, kuna ukuaji wa uhakika wa asilimia 7 kila mwaka, na hakuna ada. Wanataka nihamishe zote. Mwakani nahitaji kama dola 40,000 kumalizia nyumba yetu Muheza, Tanga. Tumeshapaua, imebaki plasta, madirisha na umeme. Wamesema hilo halina shida. Alhamisi tunarudi kusaini. Mume wangu hana raha na jambo hili, na mimi naona aibu kukataa baada ya ukarimu wote ule. Nifanye nini?"*

Dada, Alhamisi usisaini. Naanza na hilo kwa sababu siku zimekaribia, na maelezo yaliyobaki ni marefu. Sisemi kwamba hao watu ni matapeli, na sisemi kwamba anuiti, yaani huo mkataba wa kampuni ya bima, ni kitu kibaya. Nasema kwamba kwa mtu wa miaka 57 anayeacha kazi Desemba na anayehitaji dola 40,000 mwakani, kuhamisha akiba yote kwenye mkataba wa aina hiyo kutamgharimu pesa ambazo hakuna sababu ya kuzipoteza. Mume wako ana haki ya kutokuwa na raha.

Nikutajie pia mimi nalipwaje, kwa kuwa swali hilo utamuuliza kila anayekushauri. Nalipwa kwa saa na mteja mwenyewe. Siuzi bima wala anuiti.

Hiyo aibu tuitazame kwanza, maana naona ndiyo inayokusukuma kuliko hesabu. Sisi tumelelewa kwamba ukila kwa mtu unabaki na deni la moyoni. Umekaribishwa vizuri, umekula, umeulizwa habari za watoto, halafu leo useme hapana? Wanaoandaa semina hizi wanaijua hali hiyo, na si kwa Waafrika peke yetu. Mzungu wa Florida naye akishakula steki ya watu anaona vibaya kuondoka bila kujaza ile fomu ndogo iliyowekwa pembeni ya sahani, ile inayokuomba maoni yako kuhusu chakula kisha inakuuliza uje ofisini siku gani. Fomu hiyo ndiyo shabaha ya jioni nzima. Mezani hawakuuzii kitu, wanachotaka ni miadi.

Sasa piga hesabu ya ukarimu wenyewe. Tuseme walikuwepo wageni 30, sahani moja dola 60. Hiyo ni dola 1,800, ongeza gharama za kadi na stempu. Anuiti kama hiyo kwa kawaida humlipa wakala kamisheni ya kati ya asilimia 5 na 8. Ukichukua asilimia 7 ya 280,000 unapata dola 19,600. Mteja mmoja, yaani wewe, analipia jioni ile karibu mara kumi. Hakuna aliyekutendea hisani ambayo unapaswa kuilipa. Ile ilikuwa gharama yao ya biashara, kama tangazo la redio, na wewe hudaiwi kitu.

Haya si maneno yangu peke yangu. Mwaka 2007 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, yaani SEC, FINRA na chama cha wasimamizi wa majimbo, walitoa ripoti ya ukaguzi wa kampuni 110 zinazoandaa semina za mlo wa bure. Majimbo saba yalikaguliwa, na Texas ilikuwemo. Walikuta kwamba zote, pamoja na kujiita mafunzo, zilikuwa mikutano ya mauzo. Katika nusu ya ukaguzi kulikuwa na madai yaliyotiwa chumvi au ya kupotosha. Karibu robo walionekana kuwapendekezea watu bidhaa zisizowafaa, na katika asilimia 13 kulikuwa na dalili za udanganyifu hasa. Ukizigeuza namba hizo utaona kwamba walio wengi hawakuwa wezi, na ni vizuri ulijue hilo pia. Lakini hata asiye mwizi alikuwa amekuja kuuza.

Kwa mipango ya afya ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, serikali imekwenda mbali zaidi: wakala anayeuza mipango hiyo haruhusiwi kuwapa watu mlo kwenye mkutano wa mauzo. Vitafunio vidogo vinakubalika, mlo haukubaliki. Walioiweka kanuni hiyo walijua sahani ya chakula inafanya kazi gani kichwani mwa mtu. Kwa anuiti na uwekezaji hakuna katazo la namna hiyo, ndiyo maana kadi zinaendelea kufika kwa posta kila anayekaribia miaka 60.

Kuhusu mwenzetu wa kanisani nitasema kwa upole. Inawezekana kabisa anaiamini bidhaa hiyo kwa moyo wake wote, na pengine ameinunua yeye mwenyewe. Lakini mitandao mingi ya mawakala wa bima hapa imejengwa kwa ngazi, na anayeleta mteja hupata mgao. Muulize bila kificho: nikisaini, wewe unapata kiasi gani? Mtu mwema atakujibu. Kufahamiana kanisani, au kuongea Kiswahili kimoja, kunakueleza kwamba mtu ni mwenzako. Hakukuelezi kama mkataba aliokuletea unakufaa, na SEC imekuwa ikiwaonya watu kwa miaka mingi kuhusu kununua uwekezaji kwa sababu tu muuzaji ni wa dini au asili yao.

Tuje kwenye bidhaa yenyewe. Anuiti ni mkataba kati yako na kampuni ya bima. Unawapa fungu la pesa, wao wanakuahidi kitu: riba fulani, au malipo ya kila mwezi hadi unafariki, au vyote viwili. Hiyo uliyoonyeshwa inatoa riba kwa kutazama fahirisi ya soko, mara nyingi ile ya S&P 500 inayopima kampuni kubwa 500 za Marekani. Wengi wanadhani pesa zao zinaingia kwenye hisa halafu kampuni inazuia hasara kwa namna fulani. Sivyo. Pesa zako haziingii kwenye hisa kabisa.

Kampuni ikipokea dola 100 zako, sehemu kubwa sana, tuseme 96, inaiweka kwenye hatifungani, yaani inaikopesha serikali na makampuni kwa riba inayojulikana. Baada ya mwaka hizo 96 zimerudi kuwa 100 au karibu yake. Hapo ndipo inapotoka ahadi ya kwamba hupotezi: haina ujasiri wowote ndani yake, ni hatifungani tu. Dola chache zilizobaki, baada ya kampuni kujitolea gharama zake na kuirudisha kamisheni ya wakala pole pole, zinanunua haki ya kufaidika soko likipanda. Haki hiyo ni ghali, na dola tatu au nne hazinunui kupanda kote. Ndiyo sababu mkataba wako una dari. Soko likipanda zaidi ya dari, ziada si yako. Na kwa kawaida gawio ambalo kampuni za hisa hulipa wenye hisa halihesabiwi kabisa kwenye fahirisi ya mkataba.

Tujaribu na miaka ya kweli, tukichukua dari ya asilimia 8 kama mfano. Mwaka 2022 S&P 500 ilianguka kwa asilimia 18 ukihesabu na gawio. Mwenye anuiti alipata sifuri, na kwa mwaka ule sifuri ilikuwa baraka. Mwaka 2023 soko lilipanda kwa asilimia 26 pamoja na gawio, mwenye anuiti akapata 8. Hadi hapo anuiti ilikuwa mbele: aliyeweka 100,000 alikuwa na 108,000, na mwenye mfuko wa hisa alikuwa na kama 103,000. Nakuonyesha hili kwa sababu ni kweli, na wakala akikuonyesha miaka hiyo miwili hatakuwa amesema uongo. Kisha ukaja 2024, soko likapanda tena kwa asilimia 25. Mwenye anuiti akafika kama 116,600, mwenye mfuko wa hisa kama 129,000. Mkataba wako utakufunga pengine miaka kumi, na ndani ya miaka kumi miaka ya kupanda kwa kawaida ni mingi kuliko ya kuanguka.

Tena sifuri si sawa na kutopoteza. Mwaka ule wa 2022 bei za vitu Marekani zilipanda kwa wastani wa asilimia 8. Aliyebaki na dola zilezile alinunua pungufu dukani. Na kama umeongezewa kipengele cha mapato ya maisha, yaani ahadi ya kulipwa hadi unafariki, mara nyingi kinakatwa ada ya karibu asilimia 1 kila mwaka, hata mwaka ambao umepata sifuri. Kwa hiyo ile senti waliyosema haipotei, inapotea kwa mlango huo, na neno "hakuna ada" linakuwa si kweli. Kamisheni nayo huioni kwenye taarifa ya akaunti kwa kuwa kampuni ndiyo inayomlipa wakala, lakini inaifidia kutoka kwako kwa dari iliyoshushwa na kwa adhabu ya kuvunja mkataba mapema.

Ile asilimia 7 ya uhakika ndiyo inayowapotosha watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Toa ule mchanganuo waliokuchapia. Tafuta ukurasa wenye safu za namba kwa kila mwaka. Utaona safu mbili zinazofanana: moja inaitwa thamani ya akaunti, nyingine ina jina kama msingi wa mapato. Asilimia 7 imo kwenye ile ya pili tu. Msingi wa mapato si pesa. Huwezi kuuchukua, huwezi kuuhamishia benki, na ukifariki, mara nyingi watoto hawaurithi. Ni namba ya kukokotolea malipo yako ya kila mwaka, basi.

Tuifuate hiyo namba. Dola 280,000 pamoja na bonasi ya asilimia 10 ni 308,000. Ikikua kwa asilimia 7 kwa miaka kumi inafika karibu 606,000, na hapo macho ya mtu yanafunguka. Lakini ukifika 67 kampuni haikupi 606,000. Inakupa, tuseme, asilimia 5 yake kila mwaka, yaani kama dola 30,300, hadi mwisho wa maisha yako. Na malipo hayo yanaanza kutoka kwenye akaunti yako mwenyewe. Kampuni inagusa mfuko wake siku akaunti yako ikifika sifuri, ambayo pengine ni miaka kumi au zaidi baada ya kuanza kulipwa. Nimepiga hesabu ya faida halisi: ukiishi hadi 85, pesa zako zitakuwa zimekua kwa chini kidogo ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukiishi hadi 95, kama asilimia 5. Si haba, na kwa mwenye ukoo wa watu wanaoishi miaka mingi ina thamani yake. Ila si asilimia 7. Na malipo hayo kwa kawaida hayapandi na bei za vitu, kwa hiyo dola 30,300 za mwaka wako wa 67 zitakuwa nyembamba ukifika 80.

Bonasi nayo mara nyingi haiwi yako siku ya kwanza. Iko kwenye ule msingi wa mapato tu, au inageuka kuwa yako kidogo kidogo kwa miaka kumi, na ukitoa pesa kabla inarudishwa. Mikataba yenye bonasi kubwa huwa na dari ya chini na kifungo kirefu. Kampuni inajua pa kuipata tena.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwako ni zito kuliko yote haya, na sioni popote kwenye barua yako kwamba walikueleza. Ni umri wako.

Kwa kawaida ukitoa pesa za akiba ya uzeeni kabla ya miaka 59 na nusu, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, inakutoza adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida. Lakini sheria ina nafuu kwa mtu kama wewe: ukiacha kazi katika mwaka uliotimiza miaka 55 au baada yake, unaweza kutoa kwenye 401(k) ya mwajiri huyo bila ile adhabu. Una miaka 57, unaacha kazi Desemba. Nafuu hiyo ni yako. Inakufa siku pesa zinapohama kwenda IRA, yaani akaunti ya akiba ya uzeeni unayoifungua mwenyewe nje ya kazi, na hiyo anuiti wangeifungua ndani ya IRA. Ukihama umejifungia nje ya pesa zako mwenyewe hadi 59 na nusu.

Tuchukue zile 40,000 za Muheza. Zikitoka kwenye anuiti mwaka wa kwanza, adhabu ya IRS ni 4,000. Juu yake kuna adhabu ya kampuni ya bima, ambayo kwenye mikataba ya miaka kumi huanza mara nyingi karibu asilimia 10 na kushuka kila mwaka. Mikataba mingi inakuruhusu kutoa asilimia 10 ya akaunti kwa mwaka bila adhabu hiyo, lakini mingine haikuruhusu mwaka wa kwanza. Kama imeruhusu, 28,000 zinapita na 12,000 zinatozwa, yaani dola 1,200. Kama haikuruhusu, unatozwa 4,000. Jumla unapoteza kati ya dola 5,200 na 8,000, bila kuhesabu bonasi itakayorudishwa. Hizo ni madirisha ya nyumba nzima. Zikitoka kwenye 401(k) yako baada ya kuacha kazi, adhabu zote mbili ni sifuri. Kodi ya kawaida ya mapato utailipa kwa njia yoyote ile.

Aliyekwambia hilo la 40,000 halina shida ama hakulijua, ama hakulisema. Ningekuwa wewe, hili moja lingetosha kunisimamisha.

Na haraka ya Alhamisi ni yao, si yako. Ukiwa bado kazini na hujafika 59 na nusu, mipango mingi ya 401(k) hairuhusu kuhamisha michango yako nje. Hutapoteza kitu ukingoja hadi Januari. Hata baada ya Januari pesa zinaweza kukaa palepale: ukiwa na zaidi ya dola 7,000, mwajiri hawezi kukutoa kwenye mpango kwa nguvu kwa sababu umeacha kazi.

Ningefanya nini, basi? Ningeanza kwa kupiga simu kwa wanaoendesha 401(k) na kuuliza mambo mawili. La kwanza: nikiacha kazi Desemba, naruhusiwa kutoa sehemu ya pesa, au mnataka nitoe zote kwa mkupuo? Sheria inakupa nafuu ya adhabu, lakini si kila mpango unaruhusu kutoa kidogo kidogo, na jibu la swali hili linaweza kubadilisha ushauri wangu. La pili: ada za mpango ni kiasi gani? Wanatakiwa kukupa waraka wa ada kila mwaka. Mipango ya hospitali kubwa mara nyingi ni nafuu, midogo mingine ni ghali kweli, na ukikuta yako ni ghali, kuhamia IRA ya gharama ndogo baada ya 59 na nusu litakuwa jambo la busara.

Zile 40,000 zichukue Januari, si Desemba. Mwaka huu una mshahara wa miezi kumi na miwili, mwakani huna, kwa hiyo kodi ya fungu hilohilo itakuwa ndogo zaidi mwakani, hata kama mume wako bado anafanya kazi. Kumbuka pia kwamba mpango utakata asilimia 20 ya kodi kabla ya kukupa hundi. Ukitaka 40,000 mkononi, utaomba kama 50,000, kisha mahesabu kamili yatafanyika ukijaza fomu za kodi. Pesa hizo, pamoja na za matumizi ya miaka miwili mitatu na za dharura, zisikae kwenye hisa. Ndani ya 401(k) kwa kawaida kuna mfuko wa riba thabiti au wa hatifungani za muda mfupi. Dharura kwetu wewe unazijua: simu ya usiku kwamba mama amelazwa hospitali ya Bombo, tiketi ya ghafla, msiba. Mtu anayeishi na familia mabara mawili hawezi kufunga akiba yake yote kwa miaka kumi.

Hofu yako ya kuishiwa pesa uzeeni ni ya kweli, na sitaki uondoke hapa ukidhani naidharau. Ila tayari unayo anuiti nzuri kuliko zote zinazouzwa Houston, nayo ni Social Security, pensheni ya serikali. Inalipa hadi kufa, inapanda na bei za vitu, na haina kamisheni. Kwa waliozaliwa 1960 au baadaye umri wa kulipwa kiwango kamili ni 67. Ukianza kuchukua ukiwa na 62 unapunguziwa asilimia 30 ya malipo, na punguzo hilo halirudi. Ukingoja hadi 70 unaongezewa asilimia 24 juu ya kiwango cha 67. Kwa wengi wetu njia bora ya kununua mapato ya maisha ni kula sehemu ya 401(k) kwanza na kuacha Social Security ikomae. Kwa kuwa wewe ni raia, utalipwa hata ukiishi Tanga. Medicare ndiyo haitakufuata, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani, kwa hiyo bajeti ya hospitali ukiwa nyumbani iweke kando mapema.

Kuna watu ambao anuiti ya kufuata fahirisi inawafaa. Ni aliyevuka 60, ana akiba nyingine ya kutosha nje ya mkataba, na anajijua kwamba soko likianguka atauza kila kitu kwa woga. Kwake kuweka robo au theluthi kwenye mkataba kama huo kunaweza kumpa usingizi, na usingizi una bei yake. Pia kuna anuiti rahisi: unatoa fungu ukiwa na 68 au 70, mwezi unaofuata unaanza kulipwa, hakuna dari wala bonasi wala safu mbili. Hiyo unaweza kuifikiria siku zijazo, kwa sehemu ya pesa. Ukiwahi kununua yoyote, ujue kwamba haina bima ya serikali kama akaunti ya benki. Kampuni ikifilisika, chama cha dhamana cha Texas hulinda hadi dola 250,000 kwa mtu, na hizo 280,000 zako zinapita kiwango hicho. Hapo nako hawakukutendea haki kwa kutaka uweke zote sehemu moja.

Kabla ya kumsikiliza tena mtu yeyote, angalia leseni yake. Ukurasa wa BrokerCheck wa FINRA ni bure, unaandika jina unaona historia yake na malalamiko. Kama jina halipo, inawezekana ana leseni ya bima tu, ambayo utaihakiki kwa Idara ya Bima ya Texas. Leseni ya bima peke yake haimfanyi mtu kuwa mshauri wa uwekezaji. Tangu 2021 kanuni za Texas zinamtaka wakala wa anuiti atangulize maslahi yako na akueleze kwa maandishi analipwa vipi, na ukimwomba, akupe makadirio ya kamisheni yake, kwa kiasi au kwa asilimia. Mwombe.

Kisha lipa saa mbili za mshauri ambaye kipato chake chote kinatoka kwa wateja, asiyelipwa kamisheni na mtu. Kwa wengi wao ni dola 200 hadi 400 kwa saa. Nenda na mume wako, mkabebe taarifa ya 401(k), taarifa zenu za Social Security mnazozipata kwenye tovuti yao, na ule mchanganuo wa anuiti. Huko mnahitaji mtu wa ana kwa ana, kwa sababu mimi sijui mume wako ana akiba gani, mna madeni gani, wala mnarudi Tanga moja kwa moja au mtakuwa mnakwenda na kurudi, na kila moja ya hayo inageuza hesabu.

Wakala akipiga simu, huna haja ya kujieleza. Sema: "Asante kwa muda wenu. Tumeamua pesa zibaki kwenye 401(k) kwa sasa. Naomba mfute ile miadi ya Alhamisi." Akiuliza kwa nini, rudia maneno hayohayo. Akikwambia bonasi inaisha mwezi huu, mjibu kwamba ni sawa. Usimpe namba ya akaunti ya 401(k), na usikubali apige simu kwa mpango akiwa na wewe kwenye laini.

Na kama kuna karatasi ambazo ulikwisha kusaini siku ile ofisini, hata zile zilizoitwa za kufungua faili, zitafute leo uzisome. Mkataba wa anuiti una kipindi cha kuufuta bila hasara, mara nyingi kati ya siku 10 na 30 kutegemea jimbo na aina ya mkataba, na idadi ya siku huandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Kinahesabiwa tangu siku uliyokabidhiwa mkataba. Ukifuta, futa kwa maandishi, kwa barua yenye risiti ya posta, ukiituma kwa kampuni ya bima yenyewe na si kwa wakala peke yake. Wakikuzungusha, Idara ya Bima ya Texas inapokea malalamiko kwa simu 800-252-3439, na FINRA ina laini ya wazee na familia zao, 844-574-3577. Zote mbili ni bure, na huhitaji wakili kuzipigia.